Pakiti Hupotea, Bando Huisha: Msamiati wa Kutafutia Hitilafu katika Mtandao wa Nyaya za Umeme

"Mtandao unasumbua." Sentensi hii ni sahihi kisarufi, na karibu kila mzungumzaji wa Kiswahili mwenye simu au kompyuta amewahi kuitamka. Hata hivyo, fundi anayeipokea hajaambiwa lolote. Huenda mawasiliano yamekatika kabisa. Huenda ujumbe unafika lakini kwa kuchelewa, au sehemu yake inapotea njiani. Huenda pia bando limekwisha tu. Kila hali kati ya hizi ina chanzo chake na dawa yake, na Kiswahili kina neno la kila moja. Makala haya yanaeleza maneno hayo, tofauti zake na namna ya kuyatumia, kwa kufuata hitilafu moja inayojulikana kwa jina la upotevu wa pakiti, katika mtandao wa nyumbani unaopitia nyaya za umeme.

Ili maneno yasielee hewani, ichukuliwe nyumba ya mfano katika kata ya Ruponda, wilayani Nachingwea, mkoani Lindi. Ni nyumba ya mwalimu. Intaneti huingia kwa ruta yenye laini ya simu, nayo imewekwa dirishani sebuleni kwa kuwa hapo ndipo mawimbi ya mnara hupatikana vizuri. Chumba cha kusomea kipo uani, nyuma ya kuta mbili za matofali na chini ya paa la bati, na Wi-Fi ya ruta haifiki huko. Mwalimu amenunua adapta mbili za kupitisha mtandao katika nyaya za umeme: moja ameichomeka karibu na ruta, nyingine chumbani uani. Binti yake, mwanafunzi wa chuo anayesoma kwa njia ya masafa, ana mtihani wa mahojiano kwa video wiki ijayo. Katika majaribio, sauti yake imekuwa ikimezwa na maneno yake kufika nusunusu.

Tuseme kijitabu kilichokuja na adapta kimefasiriwa hivi: "Vifurushi vikipotea, kagua swichi." Mwalimu atafanya nini? Atasoma "vifurushi" na kupiga simu huduma kwa wateja kuuliza ni nani aliyekula bando lake. Atasoma "swichi" na kwenda ukutani kuwasha na kuzima taa. Atakuwa ametii kila neno, na mtandao utabaki ulivyokuwa.

MTANDAO WA NYAYA ZA UMEME, SI MTANDAO WA UMEME

Kwanza jina la kitu chenyewe. "Mtandao wa umeme" tayari lina maana yake katika Kiswahili: ni mfumo wa mitambo, nguzo, nyaya na transfoma unaosambaza umeme. Kwa sababu hiyo, teknolojia inayozungumziwa hapa ni bora iitwe "mtandao wa nyaya za umeme", au kwa urefu, "mawasiliano ya data kupitia nyaya za umeme". Neno "nyaya" ndilo linalobeba tofauti: umeme ni msafiri mmoja, data ni msafiri mwingine, na njia yao ni moja.

Utendaji wake si mgumu kueleza. Nyaya za nyumba nchini Tanzania hubeba umeme wa volti 230 unaogeuka mwelekeo kwa masafa ya hezi 50. Adapta huongeza juu yake ishara dhaifu ya masafa ya juu mno, kwa kawaida kati ya megahezi 2 na 30 hivi. Kwa kuwa masafa hayo yako mbali sana na hezi 50, adapta ya upande wa pili huweza kuyachuja na kuyasoma. Kiwango cha kwanza kilichoenea, HomePlug 1.0, kilitolewa mwaka 2001 na kilikuwa na kasi ya juu ya megabiti 14 kwa sekunde. Mwaka 2005 kikaja HomePlug AV, chenye kasi ya megabiti 200, na mwaka 2010 taasisi ya IEEE ikaidhinisha kiwango chake nambari 1901. Kasi hizo ni za kinadharia. Katika nyumba halisi hupungua sana, kwa sababu nyaya za umeme hazikutandazwa kwa ajili ya kazi hiyo.

Mfasiri na aangalie neno "masafa". Lina maana mbili zinazoweza kukutana katika aya moja ya kijitabu: umbali, kama katika "elimu ya masafa", na idadi ya mitetemo kwa sekunde, kama katika "masafa ya redio". Katika maandishi ya mitandao ni salama zaidi kuliachia "masafa" maana ya pili na kutumia "umbali" kwa maana ya kwanza. Sentensi "masafa yakiwa makubwa ishara hudhoofika" ina maana mbili, ilhali "umbali ukiwa mkubwa ishara hudhoofika" ina moja.

PAKITI, SI KIFURUSHI

Data haisafiri kama mkondo mmoja usiokatika. Hugawanywa katika vipande vidogo, kila kipande kikiwa na anwani ya kinakotoka na kinakokwenda. Kipande hicho ndicho pakiti.

Neno hili lina historia inayowahusu wanaisimu moja kwa moja. Katikati ya miaka ya 1960, Donald Davies wa National Physical Laboratory nchini Uingereza alihitaji jina la vipande hivyo. Kabla ya kuamua alipata ushauri wa mtaalamu wa lugha, kwa sababu alitaka neno litakaloweza kuhamia katika lugha nyingine bila kupoteza maana. Ndivyo lilivyozaliwa neno ambalo Kiswahili leo hulitamka "pakiti". Tayari lilikuwapo madukani, katika pakiti ya sigara, ya biskuti na ya maziwa, hivyo kulipeleka kwenye kompyuta kulihitaji hatua moja tu ya sitiari.

Wafasiri wengine hupendelea "kifurushi" kwa hoja kwamba ni neno la Kiswahili. Hoja ina uzito: furushi ni mzigo uliofungwa kwa nguo, na kiambishi ki- huupunguza uwe mdogo, picha inayolingana na kipande cha data. Tatizo ni kwamba kampuni za simu zimekwisha kulichukua neno hilo. Kwa mtumiaji wa kawaida nchini Tanzania, "kifurushi cha intaneti" ni kiasi cha data alichonunua, yaani bando. Vifurushi huisha, huunganishwa, huongezwa muda. Ukimwambia kwamba vifurushi vyake vinapotea, atasikia kwamba anaibiwa. Katika uwanja huu, "pakiti" ndilo linalomlinda msomaji, hata kama "kifurushi" linapendeza zaidi masikioni.

Kisarufi, "pakiti" limo katika ngeli ya I-/ZI-: pakiti hii imepotea, pakiti hizi zimepotea. Umbo "mapakiti" husikika katika mazungumzo kwa maana ya wingi wa rundo, lakini halihitajiki katika maandishi ya kitaalamu, ambamo idadi hutajwa kwa tarakimu.

KUKATIKA, KUPOTEA, KUCHELEWA, KUSUASUA

Hapa ndipo Kiswahili kinapoonyesha utajiri wake, na ndipo uzembe unapogharimu zaidi.

"Kukatika" ni kwa kitu kilichokuwa kinaendelea kikakoma. Umeme umekatika, mawasiliano yamekatika. Kauli hii ya kutendeka haimtaji mtenda, nayo inafaa hasa pale ambapo mtenda hajulikani. Katika mazungumzo watu husema pia "umeme umekata" na "mtandao umekata". Katika maandishi rasmi "umekatika" ndiyo teule. Pakiti zikipotea chache kati ya nyingi, mtandao haujakatika.

Umeme wenyewe una tofauti nyingine ambayo kila mtumiaji wa Luku anaijua. Luku ni kifupi cha Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Umeme "uliokatika" umekatika kwa wote mtaani. Umeme "uliokwisha" umekwisha kwenye mita ya nyumba moja. Vivyo hivyo bando huisha na mtandao hukatika. Anayesema "umekatika" pale uniti zilipokwisha anamtuma fundi kwenye nguzo, wakati dawa iko kwenye simu yake mwenyewe.

"Kukatakata" ni kukatika mara kwa mara na kurudi. Takriri ya shina ndiyo inayobeba maana ya kurudiarudia: mtandao unakatakata tangu asubuhi.

"Kuchelewa" ni kwa kitu kilichofika baada ya wakati uliotarajiwa. Pakiti iliyochelewa haijapotea. "Kusuasua" ni mwendo usio na mpangilio: pakiti moja inafika mapema, ya pili inakawia, ya tatu inafika mapema tena. Kwa anayesoma ukurasa wa maandishi, kusuasua hakuna madhara makubwa. Kwa anayezungumza kwa video, ndiko kunakoifanya sauti ikwame kisha imwagike kwa mkupuo.

"Kupotea" ni kwa kitu kilichotumwa na kisifike kamwe.

Wakulima wa ukanda huu wana mfano ulio tayari. Ruponda imo katika eneo la korosho na ufuta, linalohudumiwa na chama kikuu cha ushirika RUNALI, ambacho jina lake limeundwa kwa mianzo ya Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Mazao hayo huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mzigo hupokewa, hupimwa, na stakabadhi hutolewa. Mtu aliyetuma magunia kumi kwa safari kumi za pikipiki hahitaji kwenda ghalani ili kujua mangapi yamefika, kwani anahesabu stakabadhi. Gunia ambalo stakabadhi yake imekawia kurudi limechelewa. Gunia lisilo na stakabadhi kabisa hudhaniwa limepotea, na mkulima mwangalifu hutuma jingine.

Adapta za nyaya za umeme hufanya hivyohivyo. Adapta inayopokea hurudisha uthibitisho wa upokezi, na adapta inayotuma, isipoupata, hutuma tena. Jambo hili lina matokeo ambayo kijitabu kizuri lazima kiyaseme: hitilafu katika nyaya mara nyingi huanza kuonekana kama kuchelewa na kusuasua, kwa sababu pakiti hutumwa mara mbili au tatu kabla ya kufika. Upotevu huonekana pale marudio yanapofikia kikomo, au foleni ya pakiti zinazongoja inapojaa. Anayeripoti "kuchelewa" na anayeripoti "kupotea" wanaweza kuwa wanaeleza ugonjwa mmoja katika hatua mbili.

HITILAFU, TATIZO NA KUTATUA

Kwa kazi ya kutafuta chanzo cha kasoro, Kiswahili kina maneno mawili yenye mafunzo ndani yake.

"Hitilafu" lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni tofauti; ndiyo sababu watu wasiokubaliana husemwa kuwa "wanahitilafiana". Maana ya kasoro ilikuja kwa kupanuka, kama katika taarifa za moto zinazotaja "hitilafu ya umeme". Maana hizo mbili zinakutana katika kazi ya fundi: kutafuta hitilafu ni kutafuta tofauti kati ya hali inayofanya kazi na hali isiyofanya kazi. Fundi anayebadilisha vitu vitatu kwa wakati mmoja amejinyima tofauti hiyo, kwa kuwa hatajua ni badiliko lipi lililoponya.

"Tatizo" na "tatua" yanatokana na shina moja, -tata, lenye maana ya kusokotana. Kutatiza ni kufanya kitu kisokotane, na tatizo ni zao la kitendo hicho. Kiambishi -u- katika "tatua" hugeuza maana, kama katika funga na fungua, ziba na zibua. Kwa hiyo "kutatua tatizo" ni kuufungua msokotano kwa kurudi njia uliyosokotwa nayo, uzi mmoja baada ya mwingine. Jozi ya namna hiyohiyo ndiyo kitenzi kikuu cha kazi yenyewe: chomeka na chomoa. Kijitabu kinachosema "unganisha" na "tenganisha" hakijakosea, lakini kwa plagi na soketi, "chomeka" na "chomoa" ndiyo maneno ambayo mkono huyaelewa mara moja.

KUHESABU KILICHOPOTEA

Upotevu wa pakiti haukisiwi, huhesabiwa. Chombo cha kuhesabia kimo katika karibu kila kompyuta, nacho ni amri ya ping. Iliandikwa na Mike Muuss mwezi Desemba 1983, naye aliipa jina la mlio wa sona, kifaa cha manowari kinachotuma sauti na kusikiliza mwangwi. Amri hii hutuma pakiti ndogo, husubiri jibu, kisha hutaja zilizotumwa, zilizopokewa na zilizopotea. Kwa kuwa ni amri ya kuandikwa herufi kwa herufi, haitafsiriwi wala kubadilishiwa tahajia.

Katika Windows, ping ya kawaida hutuma pakiti 4 tu. Moja ikipotea, kompyuta itataja upotevu wa asilimia 25, takwimu inayotisha lakini isiyothibitisha mengi. Ni afadhali kutuma 100, kwa kuandika ping -n 100 na kufuatisha anwani ya ruta, ambayo mara nyingi huandikwa kwenye kibandiko chini yake, kwa mfano 192.168.1.1. Katika Linux na macOS herufi n hubadilishwa kuwa c.

Katika nyumba ya mfano, uchunguzi ungefuata hatua nne, kila moja ikibadilisha jambo moja tu.

Hatua ya kwanza: kompyuta iunganishwe na ruta kwa kebo, bila adapta. Pakiti zikipotea hapa, nyaya za umeme hazina hatia. Kosa ni la kebo, la ruta au la kompyuta.

Hatua ya pili: adapta zote mbili zichomekwe katika chumba kimoja, kila moja kwenye soketi yake ya ukutani, na kompyuta ipitie humo. Pakiti zote zikirudi, adapta zenyewe ni nzima.

Hatua ya tatu: adapta moja irudishwe chumbani uani. Upotevu ukianza sasa, chanzo kimo katika njia iliyo kati ya vyumba hivyo viwili, au katika vifaa vilivyochomekwa kwenye njia hiyo.

Hatua ya nne: pakiti 100 zitumwe kwa anwani iliyo nje ya nyumba. Zikirudi zote kutoka kwenye ruta lakini zikapotea huko nje, tatizo limevuka mipaka ya nyumba. Hata hivyo, hukumu ya hatua hii isiwe ya haraka, maana baadhi ya kompyuta za mbali zimewekwa makusudi zisijibu ping, au zijibu chache tu. Kutojibu si kupotea.

KELELE, MWINGILIANO NA SWICHI MBILI

Iwapo upotevu umeanza kwenye hatua ya tatu, wa kutafutwa ni yule anayepiga kelele.

"Kelele" katika taaluma ya mawasiliano ni ishara yoyote isiyotakiwa inayofunika ile inayotakiwa. Sitiari hii haihitaji maelezo: anayenong'ona sokoni hasikiki, si kwa sababu hakusema. "Mwingiliano" ni neno jirani lakini si kisawe chake. Linatokana na "ingiliana", kauli ya kutendana, nalo linafaa pale ishara mbili zinapoingia kila moja katika eneo la mwenzake. Chaja ya simu inapiga kelele. Adapta za majirani wawili zinaingiliana.

Wapiga kelele wa kawaida nyumbani ni chaja, hasa za bei rahisi, baadhi ya balbu za LED, swichi za kupunguza mwanga, mota za friji na za feni, na inveta za sola. Wako pia wasiopiga kelele bali wanaomeza ishara. Baadhi ya vilinda-vifaa vinavyowekwa kati ya soketi na televisheni au friji huchuja masafa ya juu, na kwao ishara ya data haina tofauti na uchafu mwingine wowote. Ekstensheni zenye kinga ya namna hiyo zina tabia hiyohiyo. Ndiyo maana adapta huchomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Maungio yaliyolegea ndani ya soketi nayo hudhoofisha ishara, na pia ni hatari ya moto. Kuifungua soketi si kazi ya mwenye nyumba, bali ya fundi mwenye leseni ya EWURA.

Neno "swichi" linahitaji uangalifu wa pekee. Ni kile kibonyezo cha ukutani cha kuwashia taa, na pia ni kifaa cha mtandao chenye matundu mengi ya kebo. Katika maandishi kuhusu mtandao wa nyaya za umeme, swichi zote mbili zinaweza kuhusika. Kwa hiyo mfasiri hana budi kuandika kila mara "swichi ya taa" au "swichi ya mtandao", hata kama anaona anarudiarudia.

Neno la mwisho katika kundi hili ni "kuoanisha", yaani kuzifanya adapta mbili zitambuane na kutumia ufunguo mmoja wa siri. Adapta nyingi za HomePlug AV hutoka kiwandani na ufunguo wa kawaida unaofanana, na mita ya Luku, ambayo kazi yake ni kupima umeme, haikuundwa kuwa ukuta wa mawasiliano. Adapta zilizooanishwa upya zina ufunguo ambao ya jirani haina.

UPOTEVU, UPOTEAJI AU UPOTEZAJI?

Majina haya matatu hutumiwa kana kwamba ni mamoja. Sarufi inayatofautisha.

"Upotevu" limejengwa juu ya -potevu, kwa utaratibu uleule wa -vumilivu na uvumilivu. Linataja hali: upotevu wa pakiti ni asilimia 12. Ndilo linalofaa kuwa istilahi ya kipimo.

"Upoteaji" lina umbo la majina ya mchakato na hutaja tendo la kupotea likiendelea: upoteaji wa pakiti huongezeka taa zinapowashwa. Linakubalika, ingawa mara nyingi kitenzi chenyewe husomeka vizuri zaidi: pakiti huzidi kupotea taa zinapowashwa.

"Upotezaji" linatokana na "poteza", kitenzi chenye mtenda. Anayelitumia anapaswa kuwa tayari kujibu swali: nani anayepoteza? Kiunganishi kikiwa kibovu, ni halali kusema kinapoteza pakiti. Ruta ambayo foleni yake imejaa haipotezi kitu. Inajua inachofanya, na kitenzi chake ni "kutupa": ruta imetupa pakiti 8. Kupoteza ni bahati mbaya, kutupa ni uamuzi, na marekebisho yake hayafanani.

TAARIFA INAYOMFAA FUNDI

Mwalimu wa Ruponda angeweza kumwandikia fundi: "Mtandao unasumbua, njoo haraka." Baada ya uchunguzi ulioelezwa hapo juu anaweza kuandika hivi:

"Mtandao wa nyaya za umeme kati ya sebule na chumba cha uani unapoteza pakiti. Kati ya pakiti 100 zilizotumwa kwenye ruta, 12 hazikurudi. Kwa kebo ya moja kwa moja zilirudi zote 100, na vilevile adapta zote mbili zilipokuwa sebuleni. Upotevu huanza jioni taa za uani zikiwashwa, mchana haupo. Umeme haukukatika wala mawasiliano hayakukatika, na bando halijaisha."

Sentensi ya kwanza inataja kinachotokea na mahali kinapotokea. Ya pili inatoa hesabu. Ya tatu inaondoa ruta, kompyuta na adapta katika orodha ya watuhumiwa. Ya nne inatoa wakati, na pamoja nao hitilafu kwa maana yake ya asili, yaani tofauti kati ya mchana na jioni. Ya tano inafunga milango ambayo fundi angeipitia bure. Fundi aliyesoma taarifa hii anafika akiwa na balbu mkononi. Anazima taa za uani moja baada ya nyingine, kila mara pakiti 100 zikitumwa upya, hadi anaifikia balbu ambayo ikizimwa pakiti zote hurudi. Balbu hiyo inabadilishwa kwa nyingine ya aina tofauti, na jaribio linarudiwa taa zote zikiwaka. Binti sasa anaweza kujibu maswali ya watahini wake bila kuombwa arudie kila sentensi.

Mwalimu wa somo la Kiswahili anaweza kuigeuza taarifa hiyo kuwa zoezi: awape wanafunzi sentensi "mtandao unasumbua" na kuwataka waiandike upya kwa vitenzi kukatika, kukatakata, kuchelewa, kusuasua, kupotea na kuisha, kila kimoja katika hali inayokistahili. Mfasiri naye, kabla ya kukabidhi kijitabu, na ajiulize kama msomaji wa Ruponda aliye peke yake jioni mbele ya soketi atajua achomoe nini.